Palipoishia Lami: Miaka 30 ya Kanisa Katoliki la Isiolo, 1995–2025

Tarehe 15 Desemba 1995 Papa Yohane Paulo II alimega sehemu ya Jimbo la Meru na kuunda Vikarieti ya Kitume ya Isiolo. Eneo lilikuwa pana, watu wachache, maji haba, na walio wengi kati ya wakazi wake ni Waislamu. Mtu wa hesabu angeuliza faida iko wapi. Miaka 30 imepita na jibu lipo, ila hutalipata kwenye daftari la ubatizo pekee. Mtafute mama wa Kiborana aliyempeleka mtoto aliyekonda kwenye zahanati ya misheni akahudumiwa bila kuulizwa dini. Mtafute mtoto wa Kiturkana aliyekalia dawati moja na mtoto wa Kisomali. Na ukifika mjini, uliza habari za askofu mzee ambaye damu yake ilimwagika hapa.

Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi iliishia Isiolo. Aliyekuwa akienda Marsabit au Moyale alijifunga kitambaa usoni, akapanda juu ya lori la mizigo na kula vumbi siku nzima. Mtu wa kaskazini aliyevuka Isiolo kuelekea Nanyuki alisema anaenda Kenya, na hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alijua anachosema. Historia ya Kanisa hapa ni historia ya kukaa na watu walioachwa upande wa pili wa lami ile.

Mji wa waliosogezwa (hadi 1963)

Wazee bado huiita NFD, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo makao yake makuu yalikuwa Isiolo. Sheria ya kikoloni ya 1902 iliifunga nchi ya kaskazini: kuingia kulihitaji kibali, na kutoka kadhalika. Sheria nyingine ya 1934 ilizidi kukaza kamba, ikawapa maafisa wa serikali uwezo wa kukamata watu na mali za jamii nzima iliyodhaniwa kuwa adui. Isiolo ndiyo iliyokuwa lango. Hapa pia palikuwa na karantini ya mifugo, ng'ombe wa wafugaji wasije wakavuka kuelekea mashamba ya walowezi kule nyanda za juu. Mnyama alizuiwa na mwenye mnyama alizuiwa.

Ukiwasikiliza wakazi wa zamani wa Bulla Pesa, Kambi Garba au Kulamawe, karibu kila familia ina simulizi ya kusogezwa. Wasomali wa Isaaq na Herti walikuwa askari wa Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nao wakapewa mahali pa kukaa Isiolo baada ya vita. Waborana walihamishwa na serikali kutoka upande wa Wajir katika miaka ya 1930 wakaletwa kando ya Ewaso Nyiro na Garba Tula. Waturkana walikuja kama vibarua, wakarudishwa kwao kwa nguvu, kisha wengi wakarejea kwa miguu. Wasamburu waliendelea kuchunga huku mipaka ya malisho ikichorwa na kuchorwa upya bila wao kuulizwa. Wameru walishuka kutoka mlimani kufanya biashara.

Katika mji wa aina hiyo, habari ya Hajiri haihitaji kufafanuliwa. Kitabu cha Mwanzo kinamsimulia mtumwa mwanamke, Mmisri, mwenye mimba, aliyekimbia mateso ya bibi yake akaangukia jangwani penye chemchemi. Mungu alimfuata huko huko, akamwita kwa jina lake, akamsikiliza. Naye ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina, akimtambua kuwa ni Mungu anayeona. Waislamu wa Isiolo wanamjua kama Hajara, na mahujaji wao hutembea kati ya Safa na Marwa kwa kumkumbuka alivyohangaika kumtafutia mwanawe maji. Binafsi sijui ukurasa wa Maandiko unaoieleza kaskazini ya Kenya vizuri kuliko huo: mwanamke asiye na kwao, mtoto mwenye kiu, na Mungu ambaye hakungoja arudi nyumbani ndipo amjali.

Misheni katikati ya vita (1963–1995)

Uhuru ulikuja Isiolo na msiba. Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Hajji Galma Dido walipokuwa safarini upande wa Modogashe, wakiwaomba watu wabaki ndani ya Kenya. Wadi na barabara ya mjini hadi leo zinabeba jina la Wabera. Miezi michache baadaye vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, viliwaka, vikadumu hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967.

Wafugaji wa Isiolo walikusanywa katika kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe. Mifugo haiishi kambini. Ng'ombe, ngamia na mbuzi walikufa kwa njaa na maradhi, wengine walipigwa risasi au kutwaliwa. Waborana wanakikumbuka kipindi hicho kwa jina la gaaf daaba, wakati wa kuzuiwa. Hapa msomaji wa bara anahitaji kuelewa jambo moja. Kwa mfugaji, ng'ombe ni mahari, ni sadaka, ni dhamana ya undugu. Aliyepoteza mifugo hakupoteza mali tu, alipoteza na nafasi yake kati ya wenzake. Wengi walijikokota hadi ukingoni mwa mji, wakajenga vibanda vya maboksi na magunia, wakaanza kuuza kuni, makaa na pombe haramu. Wajane na mabinti waliangukia kazi ambazo hata ndugu zao hawakutaka kuzitaja. Kambi za jeshi zilipoongezeka na malori ya kaskazini kuanza kulala Isiolo, maisha hayo yalipata wateja, na miaka ya UKIMWI ilipofika yalipata makaburi.

Hao ndio watu ambao misheni iliwakuta. Isiolo ilikuwa chini ya Jimbo la Meru, lililoundwa 1953 na kulelewa na Wamisionari wa Konsolata. Mwaka 1957 Papa Pius XII alikuwa ametoa waraka wa Fidei Donum, akiwaomba maaskofu wa Ulaya kuwatoa mapadre wao wa majimbo, wasio watawa, waende kwa muda kuhudumu Afrika. Jimbo Kuu la Vercelli, kaskazini mwa Italia, mkoa wa mashamba ya mpunga, liliitika. Katika miaka ya 1960 mapadre wake walifika Isiolo, na mmoja wao aliitwa Luigi Locati, mzaliwa wa Vinzaglio, 1928.

Walikuja na msimamizi wao, Mtakatifu Eusebi, ambaye kanisa kuu la Isiolo limepewa jina lake. Inafaa waumini wetu wamjue vizuri, maana si mgeni wa mambo ya hapa. Eusebi alikuwa askofu wa kwanza wa Vercelli. Mwaka 355, katika mtaguso wa Milano, Kaisari Konstansio wa Pili aliwataka maaskofu wamhukumu Athanasi wa Aleksandria. Eusebi alikataa, akafukuzwa nchini. Alipelekwa chini ya ulinzi hadi Skitopoli huko Palestina, kisha Kapadokia, halafu jangwa la Thebaidi nchini Misri. Miaka ikapita kabla hajaruhusiwa kurudi kwa watu wake, na alifariki mwaka 371. Mji uliojaa watu waliohamishwa kwa amri ya serikali una kanisa kuu lenye jina la askofu aliyehamishwa kwa amri ya serikali. Sijasoma mahali popote kwamba waasisi walipanga hivyo. Mimi nauona mkono wa Mungu.

Njia ya kazi ilikuwa ya pole pole. Palianza shule za chekechea, zikafuata za msingi. Zahanati zilifunguliwa, na chakula cha watoto waliodhoofika kikapikwa palipo na njaa. Misheni zikaota mbali na mji, Merti, Garba Tula, Oldonyiro. Padre wa bara alizoea kuhesabu kazi yake kwa ubatizo. Padre wa Merti, ambapo takriban kila jirani ni Mwislamu, ilimbidi ajiulize upya ametumwa kufanya nini. Ni swali zito, na lilitibu moyo wa Kanisa hili mapema. Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu alimgusa mwenye ukoma kwanza, kabla hajapona, wakati sheria ilisema asiguswe. Hakumwekea sharti la kumfuata. Ukisoma hivyo, kumhudumia mtu ambaye hatabatizwa kamwe hakuwi kazi ya kando ya Injili. Ndiyo Injili yenyewe.

Isiolo haikuwa peke yake katika hilo. Kule Wajir, kuanzia 1970, Mwitaliano mwingine, Annalena Tonelli, mlei asiye na shirika wala cheo, alikuwa akiwatunza wagonjwa wa kifua kikuu ambao familia zao ziliwaogopa. Aliwawekea manyatta karibu na hospitali, mgonjwa akae na watu wake na anywe dawa mbele ya mhudumu kila siku hadi amalize dozi. Utaratibu wa mhudumu kushuhudia dawa ikimezwa baadaye ulienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi. Mwaka 1984 alipaza sauti juu ya mauaji ya raia yaliyofanywa na vikosi vya serikali huko Wagalla, karibu na Wajir, na ikambidi aondoke Kenya. Aliuawa Borama, Somalia, Oktoba 2003. Ninamtaja katika kitabu cha jimbo lisilo lake kwa sababu kaskazini yetu ilifunzwa upendo na watu wachache sana, na si haki kumsahau mmoja wao kwa ajili ya mipaka ya majimbo.

Vikarieti na askofu wake wa kwanza (1995–2005)

Vikarieti ya kitume ni sehemu ya taifa la Mungu ambayo haijafikia kuwa jimbo. Husimamiwa kwa jina la Papa mwenyewe, kupitia askofu anayemteua. Papa Yohane Paulo II alimteua Padre Luigi Locati, aliyekuwa amekwisha kukaa Isiolo karibu nusu ya umri wake. Hakuhitaji ramani. Alizijua laga zinazofurika ghafla, aliwajua machifu na mashekhe, alijua ni mwezi gani watu wa Cherab huhama.

Kazi ya miaka hiyo ilikuwa kujenga nyumba na kuitia watu. Kituo cha kichungaji kilisimama mjini kwa mafunzo ya makatekista, semina na mikutano. Parokia ziliongezeka, pia shule na zahanati. Askofu alishikilia elimu kuliko yote, hasa ya watoto wa wafugaji. Msichana aliyeogopa kisu cha ukeketaji au mume wa umri wa babu yake alihitaji mahali pa kulala muhula mzima, na bweni ndilo lililokuwa kimbilio kabla sheria ya 2011 haijapiga marufuku ukeketaji kote nchini. Kwa jamii nyingi msichana wa aina hiyo alikuwa aibu. Shule ilimwandika kwenye rejista kwa jina lake kamili.

Miaka hiyo haikuwa tulivu. Bunduki zilizagaa kutoka nchi jirani, wizi wa mifugo ukageuka vita. Tarehe 12 Julai 2005 kijiji cha Turbi, Marsabit, kilivamiwa alfajiri na watu zaidi ya 50 wakauawa, wakiwemo watoto wa shule ya msingi. Kaskazini nzima ilikuwa matangani. Siku mbili baadaye, jioni ya 14 Julai, Askofu Locati alipigwa risasi mjini Isiolo karibu na kituo cha kichungaji alichokijenga, akafariki jioni ile ile, akiwa anakaribia kutimiza miaka 77. Kesi ilichukua miaka mingi mahakamani, na kitabu hiki kinaiachia mahakama maneno yake.

Cha kusema hapa ni kwamba angeweza kuwa kwao. Mapadre wa Fidei Donum hutumwa kwa muda, na Vercelli ilikuwa na parokia za kumpa mzee mwenye afya inayodidimia. Alibaki miongo minne katika mji ambao watumishi wengi wa serikali waliupokea kama adhabu ya uhamisho. Upendo wa Mungu kwa waliotengwa ni rahisi kuuhubiri ukiwa na tiketi ya kurudi mfukoni. Yeye ya kwake hakuitumia.

Askofu Anthony Ireri Mukobo na kuzaliwa kwa jimbo (2006–2024)

Januari 2006 Papa Benedikto wa 16 alimhamishia Isiolo Askofu Anthony Ireri Mukobo, Mmisionari wa Konsolata aliyekuwa Askofu Msaidizi wa Nairobi. Alikuta kundi lenye hofu. Mapadre walikuwa wamefiwa na baba, waumini hawakuwa na uhakika wa jirani, na baadhi ya wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamemjua Locati kuliko walivyoijua Isiolo. Kwa mara ya kwanza vikarieti iliongozwa na mwana wa Kenya, na kazi yake ya awali ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba mlango haujafungwa.

Mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012 mapigano kati ya jamii za Isiolo yaliwatoa maelfu ya watu makwao. Waturkana wa pembeni mwa mji walilala makanisani na viwanjani mwa shule. Pale ndipo ilipoonekana maana ya miaka ya dawati moja. Viongozi wa makanisa, mashekhe na wazee wa jamii walijuana kwa majina, na mazungumzo ya amani yalikuwa na pa kuanzia. Sitasema yalifaulu kila mara. Kuna makaburi ya 2012 ambayo yangeepukika.

Ukame nao haukutoa likizo. Ule wa 2011 ulikuwa mkali, lakini wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, uliuzidi. Mizoga ilitapakaa kando ya barabara mpya ya lami iendayo Moyale. Familia zilizokuwa na ng'ombe mia zilibaki na fimbo, na mwendo ule ule wa miaka ya 1960 kuelekea ukingoni mwa mji ukaanza tena, wajukuu wakifuata njia ya babu zao. Parokia zikarudia kazi ya zamani: unga, mafuta, maharagwe, maji ya lori.

Katikati ya ukame huo, tarehe 15 Februari 2023, Papa Fransisko aliipandisha Isiolo kuwa jimbo kamili, chini ya Jimbo Kuu la Nyeri, na Askofu Mukobo akawa askofu wake wa kwanza wa jimbo. Isiolo ilikuwa vikarieti ya mwisho iliyosalia Kenya. Wakati wa kupandishwa huko naupenda sana. Kanisa halikungoja mvua inyeshe na sadaka ziongezeke. Lilitambuliwa kuwa limekomaa katika mwaka ambao waumini wake hawakuwa na cha kuweka kikapuni.

Mwaka 2024 Papa alimteua Peter Munguti Makau, naye wa Konsolata, kuwa Askofu Mwandamizi wa Isiolo.

Jedwali la matukio

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1902 | Sheria ya kikoloni yaifunga nchi ya kaskazini |
| 1953 | Meru yawa jimbo. Isiolo iko chini yake |
| 1957 | Waraka wa Fidei Donum wa Papa Pius XII |
| 1963 | Kuuawa kwa Daudi Dabasso Wabera, 28 Juni. Vita vya Shifta vyafuata |
| Miaka ya 1960 | Mapadre wa Vercelli wafika Isiolo |
| 1995 | Vikarieti ya Kitume ya Isiolo yaundwa, 15 Desemba |
| 2005 | Askofu Luigi Locati auawa, 14 Julai |
| 2006 | Askofu Anthony Ireri Mukobo ateuliwa |
| 2023 | Isiolo yawa jimbo, 15 Februari |
| 2024 | Peter Munguti Makau ateuliwa Askofu Mwandamizi |

Wasio kwenye jedwali

Jedwali lina mapapa, maaskofu na sheria. Halina makatekista. Hao ndio waliotafsiri mahubiri kutoka Kiswahili kwenda Kiturkana, Kisamburu na Kiborana, waliotangulia kwa miguu manyattani siku mbili kabla gari la padre halijafika, waliozika maiti ambazo ndugu waliogopa kuzigusa katika miaka ya UKIMWI. Wengine hawakuwa na mshahara. Halina pia masista wa zahanati, wapishi wa shule, madereva waliojua laga ipi imejaa, wala walimu Waislamu waliofundisha hisabati katika shule za Kanisa.

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 268,002 katika Kaunti ya Isiolo, yenye kilomita za mraba zaidi ya 25,000. Wakatoliki ni wachache kati yao na watabaki wachache. Jimbo sasa linatarajiwa kuwalea mapadre wake kutoka kwa jamii za wafugaji, kulipa walimu, na kuendesha zahanati huku misaada ya ng'ambo ikipungua. Haya yote yana kamati na bajeti zake.

Lipo moja lisilohitaji bajeti. Waliokuwa vijana mapadre wa Vercelli walipofika sasa ni wazee wa miaka 80. Kila parokia ikae nao mwaka huu, Merti na Oldonyiro zikitangulia, iandike majina ya makatekista wa kwanza, vijiji walivyovihudumia na mahali walipozikwa, ili toleo lijalo la kitabu hiki liwe na jedwali la pili.